Kura Isiyopata Kiti

Mpiga kura wa Mwankoko, kata ya Manispaa ya Singida ambayo visima vyake ni miongoni mwa vyanzo vya maji ya mji huo, alikabidhiwa karatasi ya urais yenye sura nane siku ya Oktoba 25, 2015. Sura mbili ndizo zilizokuwa midomoni mwa watu kwa miezi: John Magufuli wa CCM, na Edward Lowassa aliyesimama kwa tiketi ya CHADEMA kwa niaba ya vyama vinne vya Ukawa. Ila kwa mtu wa Singida palikuwa na sura nyingine ya nyumbani. Anna Mghwira, mwanasheria, mzaliwa wa mkoa huo na mwanamke pekee kwenye karatasi ile, aligombea kupitia ACT-Wazalendo, chama kilichosajiliwa mwaka uliotangulia. Alipata kura 98,763 nchi nzima, pungufu ya kura moja katika kila mia. Magufuli alipata zaidi ya asilimia 58, Lowassa karibu asilimia 40, na wengine wote sita kwa pamoja hawakufikia hata asilimia mbili. Wengi waliosikiliza matokeo yale walihitimisha kwamba kura za hao sita zilipotea bure.

Hitimisho hilo halikudumu miaka minne. Machi 2019, Mahakama Kuu ilipomthibitisha Profesa Ibrahim Lipumba katika uenyekiti wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad na umma uliomfuata Unguja na Pemba walikihama chama hicho na kuingia ACT-Wazalendo kwa wito ambao kila Mzanzibari aliuelewa: shusha tanga, pandisha tanga. Ofisi zikapakwa rangi mpya, bendera zikabadilishwa, na chama kilichopata pungufu ya asilimia moja kikawa chama cha pili cha Zanzibar. Desemba 2020 kikatoa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Kama ACT-Wazalendo isingekuwapo, ikiwa na usajili wake, katiba yake na mbunge wake mmoja Zitto Kabwe wa Kigoma Mjini, umma ule ungekuwa hauna pa kuingia. Chama kipya hakisajiliwi kwa wiki moja, na sheria zetu hazimruhusu mtu kugombea bila chama. Wale waliokipigia kura chama hicho mwaka 2015, wakiwemo wa Singida, walikuwa wamekiweka hai bila kujua kitakuja kumfaa nani.

Ninasimulia hayo kwa sababu ya hoja moja. Katika siasa zenye kambi mbili kubwa, uzito wa chama kidogo hautokani sana na idadi ya wafuasi wake. Unatokana na kanuni inayogeuza kura kuwa viti. Kanuni tuliyoirithi kwa Waingereza, ya jimbo moja na mshindi mmoja, imewahi kukipa chama kidogo kiti cha Waziri Mkuu, na imewahi kukinyima chama chenye wafuasi mara nne zaidi viti ambavyo jirani yake alivipata kwa kura chache. Msomi wa Kifaransa Maurice Duverger aliandika mwaka 1951 kwamba kanuni hiyo huelekea kuzaa vyama viwili. Kwa Afrika Mashariki kauli hiyo inahitaji nyongeza: vyama viwili vinavyozaliwa si lazima viwe vilevile kila mahali wala kila wakati, na ni katika mwanya huo vyama vidogo vimefanya kazi yao.

Tuanze kabla ya uhuru, Singida ikiwa bado wilaya ya Jimbo la Kati. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama itashiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Julius Nyerere alikishawishi chama kishiriki. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka, akaunda African National Congress akidai Tanganyika ya Waafrika. Kwa hesabu ya kura chama chake kilikuwa karibu na bure. Mwaka 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na hata kile kimoja kilikwenda kwa mtu wa TANU aliyesimama peke yake huko Mbulu. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais akapata kura 21,276, Nyerere akapata zaidi ya milioni 1.1. Hata hivyo, suala alilolishika Mtemvu, la Waafrika kushika kazi za serikali upesi, lilikuwa ndilo linaloichemsha TANU yenyewe kutoka ndani. Oktoba 1961, katika mjadala wa uraia bungeni, Nyerere alilazimika kutishia kujiuzulu ili sheria isiyobagua rangi ipite. Rashidi Kawawa aliposhika uwaziri mkuu Januari 1962, kasi ya kuwaweka Waafrika ofisini iliongezeka. Sidai kwamba Mtemvu ndiye aliyesababisha. Vyama vya wafanyakazi vilisukuma kwa nguvu kuliko yeye. Ninachodai ni kwamba chama kisicho na kiti kilikuwa kimeweka dai mezani kwa sauti, hadharani, na chama kikubwa hakikuweza kujifanya hakikulisikia. Mwaka 1963 TANU iliamua kuelekea chama kimoja, na Mtemvu akarudi alikotoka.

Kisiwani hali ilikuwa tofauti kabisa, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana hakuna mahali katika Afrika Mashariki ambapo chama kidogo kimewahi kushika mizani kama Zanzibar kati ya 1961 na 1963. Kambi kubwa zilikuwa mbili: Afro-Shirazi Party na Zanzibar Nationalist Party, maarufu kwa jina la Hizbu. Kando yao palikuwa na Zanzibar and Pemba People's Party, ZPPP, kilichoundwa mwaka 1959 na viongozi wa Kishirazi waliojitenga na ASP, Mohammed Shamte akiwa kiongozi wao na Pemba ikiwa ngome yao. Januari 1961 ASP ilipata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. Kimojawapo cha viti vya ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika: wawili kwa Hizbu, mmoja kwa ASP. Matokeo yakawa 11 kwa 11, serikali haikuundika, na uchaguzi ukarudiwa Juni baada ya kuongezwa jimbo la 23. Safari hii Hizbu na ZPPP waliachiana majimbo. ASP ilipata karibu nusu ya kura zote lakini viti 10 tu. Wenzao kwa pamoja wakapata 13. Ghasia za siku hizo ziliua watu 68.

Julai 1963 uchaguzi ulirudi ukiwa na majimbo 31. ASP ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13. Hizbu ilipata karibu asilimia 30 na viti 12. ZPPP ilipata karibu asilimia 16 na viti 6. Shamte, kiongozi wa chama cha tatu kwa kura na kwa viti, akawa Waziri Mkuu aliyeipokea Zanzibar huru Desemba 10, 1963. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye serikali yake iliangushwa na Mapinduzi. Wapo wanaosema kisa hiki chenyewe ndicho ushahidi dhidi ya vyama vidogo: kikundi cha watu wachache kilimnyima mshindi haki yake na damu ikamwagika. Ni pingamizi zito, na halijibiwi kwa maneno matamu. Linajibiwa kwa hesabu. Kama viti 31 vya mwaka 1963 vingegawanywa kwa uwiano wa kura, ASP ingepata 17, Hizbu 9 na ZPPP 5. ZPPP ingekuwamo barazani, ikiwasemea Wapemba walioipigia kura, na ASP ingeunda serikali bila kumwomba mtu. Kura za ASP zilijazana katika majimbo machache iliyoyashinda kwa kishindo, huku wapinzani wake wakishinda mengi kwa tofauti ndogo. ZPPP ilifanya kile ambacho chama chochote kingefanya kikikuta mlango umeachwa wazi. Aliyeuacha wazi ni aliyechora mipaka ya majimbo na kuandika kanuni ya kuhesabu.

Katika miezi hiyohiyo kikazaliwa chama kingine kidogo, Umma Party cha Abdulrahman Babu, aliyejitoa Hizbu mwaka 1963. Hakikuwa na kiti hata kimoja na kilipigwa marufuku Januari 1964, siku chache kabla ya Mapinduzi, lakini Babu akaingia katika baraza la kwanza la mawaziri akishika mambo ya nje.

Baada ya hapo vyama vikawa kimoja upande wa Bara, na kimoja Zanzibar, hadi vikaungana kuwa CCM mwaka 1977. Ni vyema kukumbuka kwamba hata katika miaka hiyo uchaguzi wa Bunge ulibaki wa watu wawili: kila jimbo wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Vizazi viwili vya wapiga kura, Mwankoko na kwingineko, vilizoea karatasi yenye chaguo mbili tu. Mazoea hayo yalikuwa yamekomaa wakati Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipowauliza wananchi maoni yao mwaka 1991, ikakuta karibu wanane katika kila kumi wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi kwa heshima ya wale wawili. Sheria ya Vyama vya Siasa ikaanza kutumika Julai 1, 1992.

Matokeo ya ubunge ya mwaka 1995 ndiyo yanayoonyesha wazi zaidi kanuni ilivyofanya kazi. NCCR-Mageuzi ilipata karibu asilimia 22 ya kura za wabunge nchi nzima, ikapewa viti 16 vya majimbo. CUF ilipata asilimia 5, ikapewa viti 24, vyote vya Zanzibar. CHADEMA ilipata zaidi ya asilimia 6 na viti 3. UDP ya John Cheyo ilipata kidogo zaidi ya asilimia 3 na viti 3 vilevile, vya Usukumani. Chama kilichokuwa na wafuasi mara nne ya mwenzake kilipewa theluthi mbili ya viti vya mwenzake, kwa sababu wa huyu walikaa pamoja na wa yule walitawanyika kuanzia Moshi hadi Singida. Mpiga kura wa NCCR aliyekuwa Mwankoko hakuwa na thamani ndogo kuliko mpiga kura wa CUF wa Wete, Pemba. Alikuwa tu anaishi mahali ambapo majirani wengi walichagua vingine. Kijana mmoja aliyegombea ubunge huko Singida mwaka huo kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, Tundu Lissu, alishindwa. Alirudi mwaka 2010 kupitia CHADEMA na kulichukua jimbo la Singida Mashariki, akalitetea tena 2015, wakati Singida Mjini, lenye kata ya Mwankoko ndani yake, lilibaki CCM.

Itazame CHADEMA yenyewe. Ilianzishwa mwaka 1992 na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Mwaka 1995 haikusimamisha mgombea urais. Ilimuunga mkono Augustine Mrema wa NCCR. Mwaka 2000 ikamuunga mkono Lipumba wa CUF. Mwaka 2005 Freeman Mbowe aligombea akapata karibu asilimia 6, na majimbo yalikuwa matano. Mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa alipata asilimia 27 na majimbo yakawa 23. Kwa miaka 18, hadi 2010, hicho kilikuwa chama kidogo kwa kila kipimo, na NCCR iliyokuwa kubwa ikasinyaa baada ya Mrema kuondoka na wafuasi wake kwenda TLP. Kambi zilibaki mbili muda wote. Waliobadilika ni waliokalia kambi ya pili. Chama kikubwa cha upinzani kilipovunjika kwa ugomvi wa ndani, na vimevunjika kimoja baada ya kingine, watu walikuta kando yake chama kidogo kinachowangoja. Nchi yenye vyama viwili tu isingekuwa na akiba hiyo.

Kuna kazi nyingine ambayo haihitaji hata kiti. Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa na chama, Democratic Party, ambacho kilinyimwa usajili miaka ya tisini kwa sababu hakikukubali kutafuta wanachama Zanzibar. Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba mwananchi ana haki ya kugombea bila chama, na kwamba sharti la kuomba kibali cha mkutano wa hadhara lilivunja Katiba. Taarifa kwa polisi ilitosha. Bunge likaifuta nusu ya kwanza ya ushindi huo kwa kubadili Katiba. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala la mgombea binafsi ni la Bunge kuamua. Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na Juni 2013 ikatamka kwamba Tanzania imekiuka haki hiyo. Alifariki Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi, sheria ikiwa haijabadilika. Lakini mikutano mikubwa ya CUF, CHADEMA na vyama vyote vilivyofuata ilisimama juu ya hukumu aliyoipata mtu ambaye hakuwahi kuwa mbunge.

Sasa tusikie upande wa pili, maana una hoja za kweli. Inasemwa kwamba vyama vingi vidogo ni vya mfukoni, vinavyotolewa kabatini msimu wa uchaguzi ili karatasi ionekane imejaa. Ushahidi upo. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa na mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91. Kisha viongozi wa ADC, AFP na ADA-TADEA, vyama ambavyo kwa pamoja visingeweza kujaza jimbo moja la Pemba, wakateuliwa mawaziri. Serikali ya umoja wa kitaifa iliyoasisiwa kwa kura ya maoni ya 2010 ilikusudiwa kuwapatanisha wafuasi wa kambi mbili; hapa ilipewa majina ya vyama bila watu wao. Mghwira naye, akiwa mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, aliteuliwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro Juni 2017, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ndani ya CCM, kama wengi wa miaka ile waliosema wanaunga mkono juhudi za Magufuli. Sioni sababu ya kulificha hilo. Naona tu kwamba linahukumu mfumo zaidi ya linavyohukumu udogo. Chama ambacho asilimia 10 ya wananchi haiwezi kukipa kiti kinabaki na njia mbili za kuishi: imani ya wafuasi wake au hisani ya mwenye madaraka. Wafuasi wa ACT-Wazalendo walibaki alipoondoka mwenyekiti wao.

Pingamizi la pili ni kwamba vyama vidogo hugawa kura za upinzani na kumlinda anayetawala. Kwa urais, takwimu hazikubali. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa alipata karibu asilimia 62; Mrema, Lipumba na Cheyo hata wakijumlishwa walikuwa 38. Mwaka 2010 Jakaya Kikwete alipata zaidi ya asilimia 60 peke yake, na 2015 Magufuli 58. Hakuna uchaguzi hata mmoja wa urais wa Muungano ambao matokeo yaliyotangazwa yangegeuka kwa wadogo kujiondoa. Majimboni ni kweli zaidi, ndiyo maana Ukawa waliachiana majimbo mwaka 2015, kama Hizbu na ZPPP walivyofanya miaka 54 kabla. Hata huko gharama ilibebwa na wadogo: NCCR-Mageuzi ilitoka na jimbo moja, Vunjo.

Kutokuwapo kwa vyama vidogo kulionekana Singida kwenyewe. Lissu alipigwa risasi Dodoma Septemba 2017, akapelekwa nje kutibiwa, na Juni 2019 Spika akatangaza kiti chake kuwa wazi. Katika uchaguzi mdogo uliofuata, Miraji Mtaturu wa CCM alipita bila kupingwa. Jimbo lililokuwa limempa mpinzani ushindi mara mbili halikupewa hata nafasi ya kusema ndiyo au hapana, kwa sababu chama cha pili hakikuwamo na hakuna cha tatu kilichofika kwenye karatasi.

Lesotho ilifikishwa kwenye hali kama hiyo na kanuni yenyewe ya jimbo moja na mshindi mmoja. Mwaka 1998 chama kimoja kilipata asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. Mji mkuu Maseru ukachomwa, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Mwaka 2002 nchi hiyo ilibakisha majimbo yake 80 ikaongeza viti 40 vya kusawazisha kura, na vyama vidogo vikaingia bungeni bila kumpindua mshindi. Tanzania haihitaji kujifunza jambo hilo kutoka mwanzo, kwani tayari inalifanya kwa nusu: viti maalumu vya wanawake hugawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge za nchi nzima, kwa kila chama kilichopata angalau asilimia 5. Kushusha kizingiti hicho na kutenga sehemu ya viti vingine kwa hesabu hiyohiyo kungeliacha jimbo la Singida Mjini na mbunge wake mmoja kama lilivyo. Kura ya chama cha tatu iliyopigwa Mwankoko ingeshindwa jimboni, kisha ingekwenda kujumlishwa na ya Kigoma, ya Tanga na ya Wete.